Saa nane asubuhi ni saa ngapi?

Saa 10 alfajiri. Bajaji inanishusha getini. Redio yetu ni ya umma, na zamu hii ni watu wawili tu: mimi mhariri na fundi mitambo.

Saa 10:40. Mezani kuna tangazo la mamlaka ya maji. Lilikuja kwa Kiingereza, kijana wa usiku akalipitisha kwenye akili mnemba, likatoka Kiswahili kimenyooka kweli. Maji yatakatika "kuanzia saa nane asubuhi hadi saa mbili mchana". Narudia kusoma. Saa nane asubuhi ndiyo saa ngapi? Mashine imezibeba 8 na 2 za Kizungu ikazibandika zilivyo. Narekebisha: saa mbili asubuhi hadi saa nane mchana. Kuna mama Tandale anapanga kujaza madumu kwa kutusikiliza sisi.

Namwandikia kijana. "Samahani dada, nilisinzia," anajibu. Yeye angalau alisinzia.

Saa 12. Taarifa ya habari. Imepita salama.

Saa 3. Kikao. Mkuu wetu anataja utafiti wa BBC na Umoja wa Utangazaji wa Ulaya, Oktoba 2025: vyombo 22, nchi 18, lugha 14. Asilimia 45 ya majibu ya akili mnemba kuhusu habari yalikuwa na walau kosa moja kubwa. Kiswahili hakikuwamo. Nawasimulia tangazo la maji; wanacheka, kisha tunakubaliana: saa, tarakimu na majina vikaguliwe na mtu, naye asaini skripti.

Saa 5. WhatsApp imejaa sauti ya kiongozi akitangaza shule kufungwa. Nasikiliza mara tatu, havuti pumzi hata mara moja; huenda sauti imetengenezwa na mashine. Sikio langu si ushahidi, nampigia msemaji wake. Anakana. Hewani tunasema tu shule ziko wazi. Ile sauti hatuichezi.

Saa 6:30. Mahojiano ya mvuvi wa Kilwa yamegeuzwa maandishi kabla chai yangu haijapoa, na hapo naishukuru mashine. Ila mvuvi alisema "kusi ikivuma hatutoki", yaani upepo wa kusini. Imeandika "kesi ikivuma".

Saa 8, ya mchana. Mtayarishaji ananifuata mlangoni: anataka sauti yangu inakiliwe, isome habari za usiku nikiwa nimelala. Namwambia alete ombi la maandishi, aonyeshe msikilizaji ataambiwaje kwamba anayesoma si mimi, na habari ikikosewa atapigiwa simu nani.

Bado hajaleta.