Mabaki ya Toleo la 4

Jumamosi moja ya Agosti 2014 tulizunguka vibanda sita vya magazeti katikati ya Nairobi kukusanya mabaki ya toleo la 4 la kitabu chetu cha katuni. Tulikuwa wawili: mchoraji, na mimi niliyeandika hadithi na kushika hesabu. Tulibeba mabegi mawili ya mgongoni, daftari la risiti lenye karatasi ya kaboni, na mifuko ya nailoni, ambayo enzi hizo ilikuwa bado haijapigwa marufuku. Jioni ya siku hiyo tuliifunga katuni. Daftari ninalo hadi leo. Nambari zake zote ni sahihi. Tulichokosea ni namna ya kuzisoma.

Vibandani tuliuza kwa mali kauli. Unamwachia mchuuzi nakala, tuseme 100, anatia sahihi, halipi kitu. Baada ya wiki nne au tano unarudi, mnahesabu zilizobaki mbele ya macho yake, na zile zilizouzwa anakulipa baada ya kutoa fungu lake. Kwetu fungu la mchuuzi lilikuwa asilimia 25. Zilizobaki unaondoka nazo na kumwachia toleo jipya. Ni utaratibu wa magazeti, na tuliuchukua mzimamzima bila kujiuliza kama unafaa kwa hadithi inayoendelea.

Gharama kubwa ilikuwa ya kupiga chapa. Kitabu kilikuwa cha A5, kurasa 24 za ndani nyeusi kwa nyeupe kwenye karatasi ya gramu 80, jalada la rangi la gramu 150, pini mbili mgongoni. Mashine ya mpiga chapa wetu, kwenye vichochoro vya nyuma ya Kirinyaga Road, ilikuwa ya A3. Upande mmoja wa A3 unabeba kurasa nne za A5, kwa hiyo karatasi moja ikichapwa pande zote mbili inatoa kurasa nane, na kurasa 24 zinataka karatasi tatu, yaani pleti sita (pleti ni bamba la kuchapia, moja kwa kila upande na kila rangi). Jalada kwa nje lina rangi nne, hivyo pleti nne. Kwa ndani ni nyeusi tu, pleti moja. Jumla 11. Pleti hizo, pamoja na kazi ya kuandaa mashine na kulinganisha rangi, utazilipia vilevile ukichapa nakala 100 au 5,000. Kwetu sehemu hiyo ilikuwa shilingi 23,500, na juu yake shilingi 15 kwa kila nakala kwa ajili ya karatasi, wino, kukunja na kupiga pini.

Nakala 1,000 za matoleo ya mwanzo zilitugharimu 38,500. Mauzo yalipopungua tukachapa nakala 700 tu za toleo la 4, tukidhani tunaokoa. Tulilipa 34,000. Kila nakala ikapanda kutoka shilingi 38.50 hadi karibu 49. Ongeza malipo ya mchoraji, 12,000 kwa kurasa 24, ambayo ni kidogo mno kwa kazi ile, na usafiri na simu 4,000: jumla 50,000. Sasa angalia upande wa mapato. Bei ilikuwa 80, mchuuzi anabaki na 20, sisi 60. Nakala 600 za vibandani zikiisha zote ni 36,000. Nakala 100 za kuuza mkono kwa mkono ni 8,000. Yaani hata kama isingebaki nakala moja, tungepungukiwa na 6,000. Hesabu hii inatosha nyuma ya bahasha, na ingefaa kufanywa kabla ya kwenda kwa mpiga chapa. Ukipunguza idadi bila kupunguza pleti, unajichimbia.

Tulianzia kibanda cha Kencom, nakala 41 zimeuzwa. Ambassadeur 37. Old Nation 29, na kati ya 71 zilizorudi pale karibu 30 hazikufaa kuuzwa tena, kwa sababu kibanda kilipigwa jua mchana kutwa. Wino mwekundu na wa njano huchujuka juani mapema kuliko wa bluu, na majalada yetu, ambayo mchoraji aliyapaka machweo ya Eastlands kwa rangi ya chungwa, yalikuwa yamegeuka ya kibuluu kama picha iliyolowa. Ngara 19. Huko walivitundika vitabu kwa vibanio kwenye kamba, mvua ikavipata, pini zikashika kutu na kuacha doa la kahawia katikati ya kurasa.

Odeon ziliuzwa 22. Mama mwenye kibanda alitutazama kwa huruma.

“Kijana, hii bei imewashinda watu,” akaniambia. “Mtu ananipa soo, na mimi sina mbao ya kumrudishia.”

Soo ni shilingi mia, mbao ni ishirini. Nikaandika kwenye daftari neno moja: bei. Lakini mama alikuwa amesema mambo mawili. Matoleo mawili ya kwanza yaliuzwa shilingi 50: msomaji anatoa noti moja, anachukua kitabu, matatu haijamwacha. Kwa 80, lazima irudi sarafu ya ishirini, na sarafu hiyo mchuuzi anaiweka kwa wateja wa magazeti wanaorudi kila asubuhi. Hataitoa kwa kitabu kinachonunuliwa mara moja kwa mwezi. Kwa hiyo anakisukuma nyuma, na ndiko tulikokikuta chetu, nyuma ya majarida ya mitindo ya nywele. Naamini kabisa kwamba tungepanda moja kwa moja hadi 100 tungepoteza wasomaji wachache kuliko tuliowapoteza kwa 80. Kwenye kibanda cha barabarani, bei nzuri ni ile inayolingana na noti iliyoko mfukoni.

Mwisho tukafika Railways, penye foleni za matatu za kwenda Rongai na Ngong. Mzee wa pale alikuwa ameuza nakala 88.

Alikuwa ameketi juu ya katoni. Tulipoanza kuzifunga zile 12 zilizobaki akaweka mkono juu yake.

“Hizi niachie, kijana wangu.”

“Mzee, tunakuletea toleo jipya. Hizi ni za zamani.”

“Zamani kwa nani? Mtoto akiniuliza hii, mimi namuuliza kwanza kama amesoma ile ya kwanza. Hajasoma, nampa ya kwanza. Wiki ijayo anarudi.”

Akainuka, akafungua ile katoni. Ndani mlikuwa na toleo la 1, la 2 na la 3. Tulipokwenda kuchukua mabaki ya toleo la 1 miezi kadhaa nyuma, alituambia hakuna kilichobaki, akatulipa nakala zake zote 100 kwa shilingi 37.50 kila moja, 3,750 taslimu. Tulifurahi na kuandika kwamba zimeuzwa 100. Kumbe alikuwa amezinunua yeye mwenyewe ili azikalie. Na sisi, baada ya kuiona katoni na kuyasikia maneno yake, tulizichukua zile 12, kwa sababu utaratibu ulisema mabaki yarudi.

Usiku tulijumlisha. Vibandani 236, mkono kwa mkono 27, jumla 263. Mapato 14,160 na 2,160, yaani 16,320, dhidi ya gharama ya 50,000. Toleo la 1 liliuza 812, la 2 likauza 541, la 3 likauza 318. Mteremko huo tulijieleza kwa neno lilelile la daftarini. Mchoraji alikumbusha kwamba Shujaaz ilikuwa ikigawiwa bure ndani ya Saturday Nation tangu 2010, na kwamba kijana aliyezoea kusoma katuni nzuri ya Sheng bila kulipa hawezi kutoa 80. Akataja pia kampuni ya katuni ya DC kule Marekani, ambayo Juni 1978 ilipandisha bei kutoka senti 35 hadi 50 na kuongeza kurasa, na muda mfupi baadaye ikafuta majina, yaani mifululizo, zaidi ya 20 kwa mpigo na kurudi kwenye vitabu vyembamba vya senti 40. Lakini majira ya baridi ya miaka hiyo theluji ilifunga barabara kule, na magari ya kusambaza hayakupita. Vitabu vingi havikufika vibandani kabisa. Hilo hatukulizungumza usiku ule. Bei ilitutosha kama jibu. Nikamtumia mpiga chapa ujumbe kwamba toleo la 5 halipo. Kurasa 14 zake zilikuwa zimeshachorwa kwa wino. Mchoraji akazitia kwenye bahasha ya kaki.

Siku kadhaa baadaye nilikuwa nahamisha nambari zote kwenye karatasi moja, vibanda kwa safu na matoleo kwa nguzo, ili nijue nani bado tunamdai. Kencom ilisomeka 139, 88, 47, 41. Railways ilisomeka 100, 92, 90, 88. Bei ileile, kitabu kilekile, chenji ileile ya kutafuta. Nilikaa muda mrefu mbele ya karatasi hiyo.

Hadithi yetu ilikuwa ya mfululizo. Kila tulipozunguka, tuliondoa toleo lililopita na kuliweka kwenye maboksi chini ya kitanda. Msomaji mpya akipita Kencom na kuona toleo la 3, anafungua, anakuta msichana anamkimbia mtu asiyemjua kwa sababu asiyoijua, anaulizia la kwanza, anaambiwa halipo. Anarudisha na kuondoka. Kwa hiyo wanunuzi wa toleo la 3 walitoka tu miongoni mwa walionunua la 2, na wa la 2 miongoni mwa walionunua la 1. Hesabu ya namna hiyo haiwezi kupanda, hata ukiuza kwa shilingi 20. Inaweza tu kushuka polepole au kushuka haraka, na bei ya 80 iliiharakisha.

Gazeti la jana limekufa, kwa hiyo kulirudisha ni haki. Waliochapisha vitabu vya katuni vya Pichadithi hapa Nairobi miaka ya 1980 walitoa ngano moja kamili kwa kila kitabu: anayeanza na cha sita hajapoteza kitu. Wamarekani wana mfululizo kama wetu, na tatizo lao ni lilelile kwa sura nyingine. Maduka yao ya katuni huagiza mapema na kwa kawaida hayaruhusiwi kurudisha, kwa hiyo mwenye duka huagiza nyingi za namba 1, anapunguza namba 2 kabla hajajua wateja wameipokeaje namba 1, na mchapishaji anafuta jina kwa kutazama maagizo ya maduka kabla ya kuwasikia wasomaji. Ndiyo maana wanaanza upya kwa namba 1 mara kwa mara, na kukusanya matoleo matano au sita katika kitabu kimoja kinachobaki rafuni. Wajapani nao huchapa sura kwenye jarida nene, kisha huzikusanya katika juzuu, na juzuu ya kwanza huendelea kuuzwa miaka mingi. Kila mmoja wao amehakikisha mwanzo unapatikana. Kwetu aliyefanya hivyo alikuwa mzee mmoja mwenye katoni ya kukalia.

Tulimpelekea nakala zote nzuri za toleo la 1 tulizokuwa nazo, na za matoleo mengine kwa kiasi. Pesa ya toleo la 5 haikuwapo tena, kwa kuwa mpiga chapa alitaka nusu kabla ya kutengeneza pleti.

Oktoba mzee akapiga simu. Watoto walikuwa wamemaliza la 4 na walikuwa wanauliza la 5. Nikamweleza ukweli. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza zilizochorwa ni kurasa ngapi.

“Kumi na nne.”

“Basi zitoe fotokopi, uniletee hizo hizo.”

Kurasa 14, ukiongeza jalada la mbele na la nyuma, ni 16. Ni karatasi nne za A4 pande zote mbili, pande nane kwa shilingi mbili kila upande: shilingi 16. Tulitoa 60, tukazikunja kwa mgongo wa kijiko ili mkunjo ukae sawa, tukapiga pini kwa stepla ya mkono mrefu tuliyoazima. Nyuma tuliandika kwamba hadithi inaanzia toleo la 1, na kwamba la 1 linapatikana kwa mzee wa Railways. Bei tuliweka 50. Mzee alichukua 12.50 zake, sisi tukabaki na 21.50 kwa kila nakala, wakati toleo la 4 lenye jalada la rangi lilituachia shilingi 11. Ukurasa wa 14 unaishia msichana akiwa juu ya paa la soko, mvua imeanza, na mchoraji aliongeza kwa kalamu, kwenye kona ya chini ya kila moja ya zile nakala 60, tone moja la maji.