Kivuli juu ya Mawingu

Mtoto wangu wa mwisho amekuta kamera mezani, imo ndani ya mfuko wa nailoni, zipu imebanwa, juu yake taulo. "Baba, inaumwa?" Nikamwambia imetoka kwenye baridi, inapumzika. Akanyoosha mkono afungue zipu, nikamkemea kwa ukali ambao sikuukusudia: "Usiguse! Iache ipate joto lake taratibu." Maneno hayo si yangu. Ni ya Mzee, mpiga picha niliyewahi kupanda naye mlima, hata ule ukali ni wake.

Mnaomjua Mzee mnamjua. Habari za kupanda mlima siku ile naziruka. Kulikuwa na upepo, tulinuniana njiani, betri yangu ikazima ikiwa bado inaonyesha nusu, na jioni tukafika kwenye kibanda vidole vimekufa ganzi. Ndani jiko la kuni linanguruma, soksi mbichi zimeanikwa juu yake, sufuria ya maji inafuka mvuke. Mguu wangu mmoja ulikuwa umeshavuka kizingiti pale Mzee aliponishika mkanda wa mkoba na kunirudisha kwenye upepo.

"Betri na kadi zitoe hapa hapa. Kamera itie mfukoni, kamua hewa, funga. Ndipo uingie."

Nikatii, huku moyoni namsema. Nilipoiweka mezani, mbali na jiko, nikaona alichokuwa anakijua. Nailoni iliota umande kwa nje papo hapo. Vitone vikakutana, vikawa matone, matone yakaanza kuteremka hadi mbao za meza zikalowa. Ndani ya mfuko, kamera kavu kabisa. Niliinama pale nikitazama, chai yangu ikapoa. Maji yote yale yalikuwa hewani, kwenye pumzi zetu na soksi zetu, yakitafuta kitu cha baridi cha kutua.

Mwenzetu mmoja aliingia na kamera yake ikining'inia shingoni. Lenzi ikageuka nyeupe kama jicho lililofunikwa na mtoto wa jicho. Akaifuta, ikarudi nyeupe, akafuta tena. Mzee akamwambia asijichoshe, umande wa nje utakauka wenyewe. Wa kuhofia ni ule unaopenya hadi nyuma ya vioo na kwenye saketi, kusikofika kitambaa, na unyevu ukikaa huko muda mrefu, kuvu huota. Yule bwana akaacha kufuta, akabaki ameishika tu.

Kisha mtu akapiga kelele huko nje: "Kivuli! Njooni mwone kivuli!"

Watu wakakimbilia mlangoni. Mimi nikaukodolea macho mfuko wangu, maana nilikwisha kuambiwa ukae saa nzima au zaidi. Mzee alikuwa anavaa koti. "Unangoja nini? Nje baridi, na kamera bado ya baridi. Umande utatoka wapi? Kaifungulie huko huko."

Kivuli cha mlima kilikuwa kimelala juu ya mawingu upande wa mashariki, pembetatu yenye ncha kali, kinarefuka kadiri jua lilivyoshuka nyuma yetu. Mlima wenyewe una mgongo mpana, hauna ncha yoyote. Ni umbali tu: kingo za kivuli zikienda mbali mno, macho huziona zimekutana. Nikatoa betri kifuani. Ile ile iliyokufa njiani ikawaka, kwa sababu baridi haikuwa imeumaliza umeme wake, iliuzorotesha tu. Nikabana pumzi ili kioo cha kuchungulia kisigande barafu, nikapiga, nikapiga, nikapiga.

Mzee alikuwa na kamera yake ya filamu, ya chuma tupu, isiyodai betri. Akapiga moja. Halafu akaanza kuvuta filamu kwa kidole gumba ili ifike picha inayofuata, polepole mno, nikatamani kumnyang'anya nimvutie mimi. Kwenye baridi filamu hukakamaa na kukatika, na hewa ikiwa kavu, ukiivuta kwa pupa hutoa cheche zinazoacha michirizi ya radi juu ya picha. Hayo nayajua sasa. Wakati ule niliona mtu mzima anachezea bahati. Alipomaliza kuvuta, jua lilikuwa limezama na kivuli kimeyeyuka. Akacheka, akaitia kamera mfukoni, akaifunga, akarudi kwenye chai.

Picha zangu zimo kwenye diski, zote zinafanana, na sikumbuki mara ya mwisho kuzifungua. Ile moja ya Mzee sijaiona. Nilimwuliza baadaye sana, akanijibu kwamba filamu bado imo ndani ya kamera, zimebaki picha chache za kupiga, naye hana haraka ya kuzimaliza.