Sinia moja, mdudu mmoja, kaka anaumwa mimi mzima

Kaka yangu kasumbuliwa na tumbo karibu miaka mitatu. Si lile la kuendesha, hili la kuunguza hapa kwenye chembe cha moyo, usiku wa manane ndo linaamka, unamkuta kakaa kitako kitandani ka mtu anaesubiri boti ya Pemba. Na kila mtu na lake, mama anasema chango, shangazi anasema mawazo kwa vile hajaoa, mimi nikaulaumu urojo mana ile ndimu na pilipili anazojimiminia si mchezo.

Duka la dawa akawa anapewa omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi, akinywa anapoa, akiacha linarudi. Kuna pahala akaenda kupima choo kutafuta bakteria wa tumboni, akaambiwa hana kitu. Baadae sana ndo tukaja kufahamu kuwa alipima huku bado anameza ile omeprazoli, na dawa ile inawapunguza bakteria mpaka kipimo hakiwaoni, ilitakiwa aiwache wiki mbili kabla. Hakuna aliemwambia. Linaniudhi mpaka leo hilo.

Aliporudia vizuri, pozitivu. Helicobacter pylori, ndo jina la bakteria mwenyewe. Dakta akasema basi na nyie wa nyumbani mpime, nikapima kwa kumridhisha tu, na mimi pozitivu! Mimi ninaekula pweza wa Forodhani na achari ya embe halafu nalala fofofo. Sasa hapo ndo nikaanza kusoma, mana sinia tumekula moja tangu wadogo, na mdudu huyu mara nyingi unampata utotoni humo humo ndani ya familia, kwa nini yeye aungue mimi nisiungue?

Jibu kubwa nililolikuta ni kunata. Tumbo si pahala pa kuishi, kuna asidi, na ule ute unaolifunika ukuta kwa ndani unatoka na kujisafisha muda wote. Wanaolima mwani watafahamu haraka. Kwetu Micheweni mama alikuwa akifunga mwani kwenye kamba, ule uliofungwa vizuri maji yanakupwa na kujaa upo pale pale, uliofungwa ovyo unaukuta ufukweni asubuhi. Bakteria huyu nae anajifunga, na vifungo vyake ni protini zinazotoka kwenye jeni zake, yani maandishi ya urithi yaliyomo ndani yake. Maarufu kuliko zote inaitwa BabA. Hii inashika sukari fulani iliyopo kwenye ukuta wa tumbo, inaitwa Lewis b, na sukari hiyo ni ndugu wa mambo ya grupu za damu. Tangu miaka ya 1950 madakta walishaona watu wa grupu O wanapata vidonda vya utumbo mdogo mara nyingi zaidi kidogo kuliko wengine, sababu hawaijui, mpaka 1993 watafiti walipoonesha kuwa bakteria anaishika sukari hiyo, na 1998 wakaipata jeni yenyewe. Kaka ni O, mimi A. Lakini msinikamate kwa hilo, bakteria wengi wanashika hata kwa watu wa A, kwa hiyo grupu peke yake haitoshi kunieleza mimi na yeye.

Kilichonishangaza khasa ni kuwa mdudu mmoja anaweza kubadilika akiwa ndani ya tumbo la mtu. Baadhi ya jeni hizi za kunatia zina herufi mbili zinazojirudia rudia, CT CT CT, ka punje za tasbihi, na bakteria akijinakili anakosea hesabu, punje moja ikizidi au ikipungua basi jeni nzima inazimika, kizazi cha mbele akikosea tena inawaka. Halafu BabA ina pacha wake BabB, zinabadilishana vipande. Yani huenda mdudu wangu na wa kaka walitoka kwa mama yule yule, na leo mmoja kafunga kamba na mwengine kaiachia.

Na kuna protini nyengine ya kunatia, SabA, hii inashika sukari zinazojitokeza pale ukuta ukishavimba. Akishakuumiza anapata pa kushikia zaidi. Mjanja huyu! Tena seli iliyozeeka ikibanduka kwenda kwenye asidi, BabA inaachia yenyewe, bakteria anaogelea kurudi ukutani, ka abiria anaeteremka kabla daladala haijafika mwisho wa njia.

Lakini kunata kwenyewe si ugonjwa, wengi wanae na hawana habari, inasemwa karibu nusu ya watu duniani. Ubaya unakuja pale aliejifunga vizuri anapokuwa na silaha, mana akiwa karibu ndo anaweza kukuchoma. Kuna kitu ka sindano, anaitumia kuingiza protini ya CagA ndani ya seli zetu, na kuna sumu ya VacA. Bakteria wenye BabA, CagA na ile aina kali ya VacA kwa pamoja ndo wanaokutwa zaidi kwa wenye vidonda na saratani ya tumbo. Saratani si utani, shirika la utafiti wa saratani la kimataifa lilimuweka mdudu huyu kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha saratani tangu 1994.

Shangazi nilipomwambia si mawazo, hakukubali. Nikamhadithia yule dakta wa Australia, Barry Marshall, mwaka 1984 alikunywa bakteria hawa kuwaonesha wenzake, ukuta wa tumbo ukamvimba ndani ya siku chache, na 2005 yeye na Robin Warren wakapewa Nobel. Akanambia, "Huyo nae mawazo yalimzidi."

Kaka kamaliza dozi yake, antibayotiki mbili na ya kupunguza asidi, siku 14, akasubiri mwezi ndo akapima tena, negativu alhamdulillah, na juzi kaniomba nimchukulie urojo. Mimi nimeanza yangu Jumatatu. Mdomo mchungu, ka nimelala na sarafu ulimini.