Kugawa kwa 195: nilivyojifunza kulinganisha malipo ya saa na mshahara wa mwezi

Mimi ni fundi wa mitambo ya baridi, yaani friji, viyoyozi na vyumba vya kuhifadhia nyama na samaki. Nimefanya kazi hiyo Dar es Salaam tangu 2013, nikalipwa kwa saa na waajiri wawili na kwa mwezi na wengine wawili, na kwa muda mrefu niliamini kwamba tofauti ya malipo hayo ni ya heshima tu: wa saa ni kibarua, wa mwezi ameajiriwa. Mama yangu aliamini hivyo kuliko mimi. Hata katika miezi ambayo nilimpelekea fedha nyingi kuliko kaka yangu aliyekuwa karani, bado aliniuliza nitaajiriwa lini.

Nilianzia kiwandani. Nililipwa shilingi 900 kwa saa, na kwa kuwa kima cha chini cha viwanda kilichoanza Julai 2013 kilikuwa shilingi 115,000 kwa mwezi, ambazo kwa saa ni kama 590, nilijiona nimepata mahali pazuri. Tulifanya kazi saa kumi kwa siku, siku sita kwa wiki, na saa zote 60 zililipwa kwa bei ileile, hivyo kila Jumamosi nilipokea 54,000. Siku moja mwenzetu mmoja aliuliza kuhusu ovataimu, na fomeni akamjibu kwamba ovataimu ni ya walioajiriwa, si ya vibarua. Tulikubali, kwa sababu lilisikika kama jambo linalojulikana na watu wote.

Halikuwa kweli. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki, na kila saa inayozidi hapo hulipwa si chini ya mara moja na nusu, bila kujali kama mfanyakazi hupokea malipo yake kwa wiki au kwa mwezi. Kwa hesabu hiyo nilistahili 60,750, maana yake nilikuwa nikiacha 6,750 kila wiki mlangoni pa kiwanda. Aidha, kila ilipokaribia miezi sita tulipumzishwa wiki mbili kisha tukaitwa tena, ili tusifikishe muda wa kustahili likizo yenye malipo. Sheria imelitazama hilo pia: anayefanya kazi kwa mwajiri mmoja zaidi ya mara moja katika mwaka, na jumla ya vipindi vyake ikazidi miezi sita, anastahili likizo. Mimi nilikuja kuyasoma hayo nikiwa nimekwisha kuondoka.

Mwaka 2016 nilipata kazi katika hoteli moja ya ufukweni kwa mshahara wa shilingi 420,000 kwa mwezi. Barua yangu iliandikwa "Msimamizi wa Mafundi", nikapewa vijana wawili chini yangu, na nikawa naripoti moja kwa moja kwa meneja mkuu. Mama alifurahi sana, nami pia, wala sikujiuliza kwa nini barua haikutaja saa za kazi. Chumba cha baridi hakina adabu ya kuharibika mchana. Nilipigiwa simu usiku wa manane, nilipigiwa siku ya Idi, na katika msimu wa watalii ilikuwa kawaida kulala hotelini siku mbili mfululizo kwenye kitanda cha stoo. Nilipomwendea meneja utumishi kuuliza malipo ya ziada, alinifungulia sheria ileile niliyokuwa nimeanza kuisoma na kunionyesha kwamba vifungu vya saa za kazi havimhusu mfanyakazi anayewasimamia wengine kwa niaba ya mwajiri na kuripoti moja kwa moja kwa uongozi wa juu. Cheo nilichokifurahia ndicho kilichoniondolea ovataimu.

Hapo ndipo nilipoanza kuandika. Nilinunua daftari la shule la kurasa 96, nikawa naandika kila siku saa niliyoingia na saa niliyotoka, pamoja na simu za usiku zilizonifanya nitoke nyumbani. Katika jedwali la kwanza la sheria nilikuta kanuni ya kubadili mshahara wa mwezi kuwa wa saa: unachukua saa za kawaida za wiki, unazidisha kwa 4.333, yaani wastani wa wiki katika mwezi, kisha unaugawa mshahara kwa jibu hilo. Kwa wiki ya saa 45 jibu ni 195. Mshahara wangu wa 420,000 ukigawanywa kwa 195 ni shilingi 2,154 kwa saa, na hiyo ndiyo bei niliyodhani nimeuza kazi yangu. Daftari lilisema vinginevyo. Mwezi wa kwanza wa kuandika ulikuwa na saa 268, hivyo bei yangu halisi ilikuwa 1,567.

Kwa hasira nilikuwa tayari kuacha kazi wiki ileile. Mke wangu, ambaye anauza vitenge na ana uvumilivu wa hesabu kunishinda, aliniambia, "Baba Asha, hujamaliza kuhesabu." Alikuwa sahihi. Katika mwaka huo nilikuwa nimechukua likizo ya siku 28 huku mshahara ukiingia, na nilikuwa nimelazwa kwa homa ya matumbo, nikapumzika wiki tatu bila kukatwa hata senti. Sheria inatoa siku 126 za ugonjwa katika kipindi cha miezi 36, nusu ya kwanza kwa mshahara kamili na nusu ya pili kwa nusu mshahara, na sikuwa nimewahi kuiona hiyo kuwa sehemu ya malipo. Tena kulikuwa na mchango wa mwajiri wa asilimia 10 kwa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, pamoja na chakula cha mchana. Tulipogawa mshahara wa mwaka mzima, 5,040,000, kwa saa za miezi kumi na mmoja iliyobaki baada ya likizo, bila hata kuondoa wiki za ugonjwa, na tukichukulia kila mwezi ulikuwa mzito kama ule wa 268, bei ilipanda hadi karibu 1,710. Ilikuwa bado ndogo, lakini si ile iliyonipandisha hasira.

Hata hivyo niliondoka mwaka 2018, kwa sababu mkandarasi mmoja wa viyoyozi aliahidi shilingi 2,600 kwa saa. Hapa nilifanya kosa la upande wa pili. Nilizidisha 2,600 kwa 195, nikaona zaidi ya laki tano kwa mwezi, nikasahau kwamba 195 ni ya mtu ambaye saa zake zina uhakika. Saiti husimama. Mabomba ya shaba yakichelewa bandarini, fundi husubiri bila malipo. Masika yakifunga barabara, hakuna anayekulipa kwa kukaa kituoni Mbagala ukitazama maji. Mwisho wa mwaka daftari lilionyesha saa 1,540 zilizolipwa, yaani shilingi 4,004,000, zaidi ya milioni moja chini ya hoteli, na bila likizo wala NSSF.

Sikuacha, nilijadiliana upya. Nilimpelekea mkandarasi daftari, nikamwonyesha siku 41 ambazo nilifika saiti nikarudishwa au nikafanya kazi saa mbili tu. Sikumlaumu, maana naye hulipwa kwa kuchelewa na wateja wake. Nilimwomba mambo mawili: kwamba akiniita na nikafika, siku hiyo ihesabiwe si chini ya saa sita, na kwamba kusubiri vifaa nikiwa saiti kuwe ni kazi. Bei ya saa sikuigusa. Alikubali baada ya kunung'unika kidogo, na mwaka uliofuata nilipata zaidi ya nilichokuwa nikilipwa hotelini. Nilijiandikisha NSSF kama mwanachama wa hiari, nikawa naweka pembeni sehemu ya kumi na mbili ya kila malipo kwa ajili ya mwezi wa kupumzika, jambo ambalo nakiri nililivunja mara nyingi.

Mwajiri wa nne ni hospitali ya taasisi ya dini, ninakofanya kazi hadi sasa. Walitoa 480,000 kwa mwezi. Safari hii nilikwenda na maswali yaliyoandikwa: saa za wiki ni ngapi, nani atakuwa chini yangu, na nikiitwa usiku inahesabiwaje. Katibu wa hospitali alishangaa kwamba fundi anaomba asiitwe msimamizi. Tulikubaliana niitwe "Fundi Mwandamizi", niripoti kwa mkuu wa kitengo cha matengenezo, saa ziwe 45, na wito wa usiku ulipwe kisheria. Yote yaliingia kwenye mkataba.

Mwezi wa tatu niliitwa Jumapili, siku yangu ya mapumziko, kwa sababu jokofu la chanjo lilikuwa linapoteza baridi. Niliingia saa tatu usiku nikatoka saa saba. Kwa 2,461 na senti zake kwa saa, mara mbili kwa kuwa ni siku ya mapumziko, kwa saa nne, hati ya mshahara ilionyesha 19,692, hesabu sahihi kabisa. Lakini saa zinazoanguka kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi zina nyongeza ya asilimia 5 ya mshahara wa msingi, nayo haikuwemo. Nilikwenda kwa mhasibu na daftari langu mkononi. Alizidisha kwenye kikokotoo chake, akapata shilingi 492, akanitazama juu ya miwani, akauliza, "Fundi, umepanda ngazi zote hizi kwa ajili ya 492?" Nikamjibu ndiyo. Zililipwa mwezi uliofuata, na tangu hapo wito wa usiku huja na nyongeza yake bila mimi kupanda ngazi.