Mita ya gesi chini ya ngazi

Nyumba tunayoishi hapa Leicester haina kitu hata kimoja kinachotumia gesi. Jiko ni la umeme, maji ya kuoga yanachemshwa kwa umeme, na hita za ukutani ni za umeme vilevile. Aliyekuwa na nyumba kabla yetu aling'oa boila ya gesi, akaacha bomba na mita chini ya ngazi, nyuma ya ndoo na mifagio. Siku tuliyohamia mita ilisoma 04817. Mwaka ulipotimia nikainama na tochi ya simu, nikapangusa utando wa buibui: 04817. Na kila mwezi bili ilikuwa imekuja.

Mimi nimekulia Tanga, kwenye mkaa, halafu baadaye mtungi. Mtungi ukikaa kona bila kufunguliwa haukudai kitu. Ukiisha unajaza, usipojaza hakuna anayekuuliza. Ndiyo maana ilinichukua muda kukubali kwamba hapa Uingereza unalipia kule kuunganishwa tu, uwashe usiwashe. Tozo hii wenyewe wanaiita "standing charge", na ukipiga simu itaje kwa jina hilohilo wakuelewe. Kwa gesi ni kama peni 30 kwa siku. Ofgem, mdhibiti wa nishati, ndiye anayeweka ukomo wake kwa wateja wa bei ya kawaida, na ukomo huo hubadilika kila miezi mitatu. Peni 30 haimshtui mtu, lakini kwa mwaka inafika kama pauni 110, yaani zaidi ya laki tatu za Kitanzania. Kwa mama yangu hiyo ni gesi ya kupikia ya miezi mingi. Watanzania wanaoikumbuka ile tozo ya huduma ya umeme, iliyokatwa kila mwezi mpaka ilipoondolewa mwaka 2016, wananipata.

Nilianza kwa kumwita fundi wa gesi. Hakikisha ni aliyesajiliwa Gas Safe, yaani orodha rasmi ya mafundi wa gesi, kwa sababu asiyesajiliwa haruhusiwi kisheria kufanya kazi hiyo. Akaziba bomba linaloingia jikoni kwa kifuniko cha shaba, akapima presha, nikamlipa pauni 75. Kazi yake ilikuwa safi. Mwezi uliofuata bili ikaja kama kawaida. Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo ningependa kila ndugu yangu aliyeko huku alijue mapema: kuziba bomba la ndani ni kitu kimoja, kuondoa mita ni kitu kingine. Maadamu mita ipo ukutani, tozo inatembea.

Nikapiga simu kwenye kampuni inayotuma bili. Muziki dakika 40. Dada aliyepokea alinisikiliza kwa upole, kisha akasema suala la bomba si lao, niwapigie wenye mabomba. Wenye mabomba wakasema mita si yao, nirudi kwa anayetuma bili. Nikarudi, akapokea mwingine, nikaeleza upya tangu mwanzo. Wiki tatu nilipigwa danadana hivyo, simu nikiipiga wakati wa mapumziko ya kazi, chakula kinapoa pembeni. Niliumia, sitaficha. Lafudhi yetu wanaisikia, na ukirudia sentensi mara tatu unaanza kujiona kama unaomba msaada, kumbe unadai haki yako.

Kwa hiyo shika hili ili usizungushwe. Huku anayekuuzia gesi na mwenye bomba la mtaani ni kampuni mbili tofauti. Leicester bomba ni la Cadent, sehemu nyingine za nchi zina wengine. Ombi la kuondoa mita linaanzia kwa anayekuuzia, yule ambaye jina lake liko juu ya bili. Akikuambia nenda kwa mwingine, mwombe akuandikie hivyo kwa barua pepe. Nilipoomba hivyo, mazungumzo yalibadilika palepale.

Bili nayo isome herufi kwa herufi. Pembeni ya namba za mita kuna herufi ndogo: A maana yake mita ilisomwa na mtu wao, C umeisoma wewe mteja, na E wamekadiria. Mimi nilikuwa na E nne mfululizo. Walikuwa wamenikadiria gesi nisiyoichoma, juu ya ile tozo ya kila siku! Nikawatumia picha ya mita, tarehe ikionekana, pamoja na namba ya MPRN iliyo kwenye bili, ambayo ndiyo utambulisho wa mahali gesi inapoingia nyumbani kwako. Fedha za makadirio zikarudi zote. Za tozo hazikurudi, kwa sababu mita kweli ilikuwepo.

Baada ya hapo niliacha simu, nikaandika. Barua pepe fupi: sitaki gesi, naomba mita iondolewe, haya ni malalamiko rasmi. Ukishalalamika rasmi wana wiki nane. Zikipita bila suluhisho unaweza kwenda Energy Ombudsman, msuluhishi huru wa malalamiko ya nishati, bure, na ukikubali uamuzi wake kampuni inabanwa nao. Mimi sikufika huko. Wiki ya tano nilipewa tarehe.

Gharama ya kuondoa mita inategemea kampuni, wengine hutoza, wengine hawatozi. Uliza kabla. Kama umepanga, mwenye nyumba akubali kwanza kwa maandishi. Na tafadhali usikatishe malipo benki kwa hasira ukidhani wataelewa ujumbe. Deni linakua kimya kimya, linapelekwa kwa wakusanya madeni, na linachafua rekodi yako ya mikopo kwa miaka sita.

Kijana aliyekuja aliifunga valvu, akafungua nati mbili kubwa kwa spana, harufu ikatoka kidogo tu. Akaziba pande zote mbili, akapima tena, akaibeba mita kwapani kama mkate. Kabla hajaondoka nilimwomba aandike namba ya mwisho kwenye karatasi yake. Akaandika 04817, nikapiga picha. Hiyo picha iombe na wewe, maana bili ya mwisho inatengenezwa kutokana nayo.

Karibu mwaka baadaye ilikuja barua ya wenye bomba, moyo ukaruka. Kumbe ni sheria ya usalama ya mwaka 1998: mita ikiondolewa na isirudishwe ndani ya miezi 12, lazima bomba lenyewe likatwe. Walichimba nje, wakakata, wakafukia, hawakutudai kitu. Ila ujue kwamba ukitaka gesi tena baadaye, kuunganishwa upya ni fedha nyingi, basi amua ukiwa na uhakika.

Ninaandika haya kwa sababu ya bi mkubwa mmoja wa Mombasa anayeishi mitaa miwili kutoka kwetu. Ana mita ya gesi ya kulipia kabla. Msimu wote wa joto hakuigusa, anapikia umeme. Baridi ilipoanza akaweka pauni 20, zikamezwa karibu zote. Nilipokwenda kumwamkia alikuwa ameishika kadi mkononi. "Mwanangu, hizi zimekwenda wapi na mimi sijawasha hata njiti?" Zilikwenda kwenye tozo za siku zote zile, zilizojilimbikiza kama deni ndani ya mita. Miaka mingapi amelipa hivyo, hajui. Hakuna aliyemweleza.

Jumanne sina kazi. Nimemwambia atafute bili yake yoyote yenye MPRN, aweke chai, nakuja na kompyuta tuandike ile barua pamoja.