Nani kamfundisha huyu mtoto kusema "leta maji"?

Jumapili moja tumekaa sebuleni, mimi na shoga zangu wawili tunamalizia chai, mara kijana wangu wa miaka 6 akapaza sauti kutoka kwenye kochi, "Dada! Leta maji." Hakugeuza hata shingo. Macho kwenye katuni, mkono kaunyoosha pembeni unasubiri kikombe. Dada wetu wa kazi kaacha vyombo kaja mikono ina povu, kampa, mtoto kanywa, karudisha kikombe kimya kimya. Nishafungua mdomo nimgombeze, shoga yangu mmoja akaangua kicheko, "Weee! Sauti yako hiyohiyo, mpaka mkono!"

Na mimi nikacheka, ila lilikuwa cheko la aibu.

Maana ungeniuliza kabla ya siku hiyo ningekwambia mwanangu ana adabu zake. Shikamoo anatoa bila kukumbushwa, kitu anapokea kwa mikono miwili, hali kwa mkono wa kushoto, wakubwa wakiongea hadakii maneno. Yote nimemfundisha mwenyewe, mengine kwa kumfinya kidogo, sitaki kuwadanganya. Sasa nilipokaa kuyahesabu nikaona yote yanaelekea juu, kwa babu, kwa mwalimu, kwa mgeni aliyekuja na gari. Kwa mtu anayempikia na kumuogesha na kumpeleka shule sijamfundisha kitu. Au niseme nimemfundisha sana tu, kila asubuhi nikiwa nachelewa kazini, dada kandambili zangu ziko wapi, dada hujapasi, dada hii chai mbona imepoa. Binti ana miaka 19, yeye ndo anaanza, "Shikamoo mama," na mimi namjibu "mm" huku natafuta funguo kwenye mkoba.

Jamani hiyo "mm". Shikamoo yenyewe wanasema imetoka kwenye nashika miguu yako, yaani mtu kajishusha mpaka miguuni pako halafu wewe unamgunia kama ng'ombe. Marahaba nayo ni sehemu ya salamu, siyo hisani. Lakini ni mtoto gani umewahi kusikia anasifiwa kwa kuitikia vizuri? Kwenye kitchen party hizi nazochangia kila mwezi bibi harusi anafundwa jiko, anafundwa chumba, anafundwa mpaka namna ya kumpokea mume begi, sijawahi kusikia kungwi akimuuliza, je msichana wa kazi utaongea naye vipi?

Na wala siyo mambo ya kizazi hiki. Yule mshairi Mwana Kupona wa kisiwa cha Pate alipomtungia binti yake utenzi wa wosia mwaka 1858, akiwa anaumwa, kamuusia mambo mengi mazuri ya dini na ya kuishi na watu, ila ndani humohumo anamwambia asitangamane na watumwa isipokuwa wakati wa kazi. Ndo zama zao zilivyokuwa, nimeelewa, lakini nilipoukumbuka ule ubeti nikajiona kabisa, mimi na dada yangu jikoni tunaongea wakati wa kazi tu.

Mimi mwenyewe nimefundishwa adabu nikiwa mtu mzima. Nilipopata kazi yangu ya kwanza nikapangiwa Tanga, mtoto wa Dar najiona mjanja, nikapanga chumba kwa bibi mmoja wa pale. Siku ya pili tu naenda dukani naye, nikafika nikasema "nipe sukari nusu." Bibi akanivuta khanga. "Mwanangu, huyu umelala naye wapi hata usimuulize kaamkaje?" Nilitamani ardhi ipasuke, kijana wa dukani mwenyewe anacheka. Basi tangu siku ile nikaanza shule upya. Hodi mara tatu, kimya, unageuka unaondoka zako, hakuna kuchungulia dirishani. Mtu akiinuka kukupisha kiti unamwambia "starehe." Bibi mwenyewe alikuwa akipita muuza mkaa, kijana tu wa kumzaa, anamuanza yeye, "Hujambo baba, watoto wazima? Jua limekuchoma leo," anamuita ndani anampa maji kwanza ndo bei ifuate. Mimi nikabeba hodi na starehe nikarudi nazo Dar, hili la muuza mkaa nikaliacha kulekule bila hata kujua nimeliacha.

Na watoto wanaona jamani. Asubuhi kituoni konda kasimama mlangoni anapiga kelele "wanafunzi wawili tu!" kwa sababu nauli yao ni ndogo kuliko yetu, wale wengine anawasukuma na mabegi yao, na sisi watu wazima tunapita juu ya vichwa vyao kugombea siti, halafu jioni haohao tunawafokea hawana heshima siku hizi. Wangeiokota wapi?

Basi nilichofanya. Kwanza nilimuomba dada samahani, na ilikuwa ngumu kuliko nilivyodhani, nikaanza kujizungusha na habari za nyanya, yeye akadhani namfukuza kazi akaanza kulia. Ikabidi nikae naye kwenye kile kigoda cha mbuzi ya nazi nimwambie vizuri. Mtoto sikumpa lekcha yoyote. Nikaanza tu kusema "dada naomba" na "dada ahsante, pole na kazi" mbele yake, na asubuhi nikisalimiwa naitikia marahaba nzima, hujambo, umelalaje. Wiki ya kwanza ulimi ulikuwa mzito kama nasoma risala. Wiki ya tatu kama sijakosea, nipo bafuni nikasikia kijana anasema "dada, shikamoo, naomba maji." Salamu na ombi kavipakia pamoja kama anapiga hodi, nikajikuta nacheka peke yangu na sabuni usoni.

Sasa jumamosi iliyopita kaja kaka yangu. Kaka yangu na simu yake tumeshawazoea, anaingia anainama anaanza kuperuzi. Kijana kamsogelea, kasimama mbele yake, "Mjomba shikamoo." Kimya. "Mjomba, shikamoo." Kidole kinaendelea kupandisha tu. Mtoto akanigeukia mimi, na mimi natafuta namna ya kumsema kaka bila kumvunjia heshima, ndo nikasikia dada kule jikoni kapaza sauti, "Marahabaaa! Hujambo mwanangu?"

Kaka akainua kichwa. "Nani huyo?"

"Anakusaidia kuitikia, mjomba," mtoto akamwambia.