Sarafu ya Mia Mbili Pale Segera

Mwaka 2009, basi la Arusha lilitufia Segera. Mkanda wa feni ulikatika, konda akasema fundi anatoka Korogwe. Tukajazana kwenye hoteli ya barabarani: wali umekwisha, umeme hakuna, zimebaki chapati na chai ya rangi.

Meza ya jirani mtoto alikuwa analia. Nikatoa sarafu ya mia mbili, ile yenye Mzee Karume upande mmoja na simba wawili upande wa pili. Nikaishika kwa vidole vya kushoto, mkono wa kulia ukapita kama unaichukua, nikakunja ngumi, nikapuliza. Tupu! Mtoto akanyamaza kinywa wazi.

Siri yake ni ndogo mpaka aibu: sarafu haijatoka kushoto hata kidogo. Kazi ni ya macho. Ukiitazama ngumi ya kulia kana kwamba kweli ina kitu, na watu wataitazama. Ukichungulia kushoto mara moja tu, umekwisha.

Watu wakasogeza viti. Nikaitoa sarafu kwenye sikio la konda, nikaipoteza kwenye leso. Mzee mmoja akachomoa pochi mfukoni akaishindilia ndani ya soksi. Mama mmoja akauliza kama itabidi wapande tena basi moja na mimi.

"Ni mazingaombwe tu, mama, si uchawi."

"Hata wachawi husema hivyo hivyo."

Ndipo binti wa miaka kumi hivi, aliyekuwa kando ya yule mama, akasema polepole, "Shikamoo anko. Mkono wako wa kushoto umekufa."

"Marahaba. Umekufaje?"

Akauiga. Vidole vimekakamaa, kama vya mtu aliyebeba yai. Miaka sita nilikuwa nafanya kiinimacho, na hakuna aliyewahi kunionyesha hilo.

Nikamuuliza kama na yeye ana lake. Akavua mpira wa kufungia noti aliouvaa kama bangili, akauvisha vidole viwili, akauvuta, akakunja ngumi. Ukamponyoka. Uliruka ukatua kwenye chai ya yule mzee wa soksi. Hoteli nzima ikacheka, binti akaficha mikono chini ya meza.

Nikaupakua kwa kijiko, nikaufuta kwa shati langu. "Rudia. Ila safari hii zungumza. Huo mpira ni nani?"

Akafikiri. Akauvuta tena, safari hii taratibu, akaingiza ncha za vidole vyote vinne ndani yake.

"Ni abiria," akasema. "Amekaa dirishani, jua linamchoma. Anamwomba konda ahamie upande wa pili." Akakunjua vidole. Mpira ukaruka kutoka vidole viwili vya kwanza ukakaa kwenye viwili vya mwisho.

Konda ndiye aliyepiga kelele kuliko wote. Mzee akavuta kiti karibu kabisa: "Hebu tena, mjukuu wangu, nione vizuri."

Nilitaka kumkonyeza asikubali, maana jambo la namna hii halirudiwi mbele ya watu wale wale. Sikuwahi.

"Hapana babu," akasema, akiurudisha mpira mkononi. "Tiketi ni moja."

Tuliondoka saa moja usiku. Njiani, kwenye mwanga hafifu wa ndani ya basi, nikaanza kufanya mazoezi na sarafu yangu, nikijitahidi kulegeza vidole. Kichwa kikachungulia juu ya kiti cha mbele.

"Bado umekufa, anko."